Goti la Jemadari

Wasikilizaji wapendwa, mlioko majumbani na mlioko makazini, sogeeni. Aliye jikoni apunguze mlio wa sufuria. Aliye njiani asimame kando kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye yeye mwenyewe hakupata kukaa.

Tunamkumbuka daktari wa mifugo. Alikuwa mke wa fundi cherehani, mama wa binti mmoja, na dada wa kaka mmoja. Alifariki mwanzoni mwa mwezi huu. Alifariki mchana, kazini, akiwa amesimama. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kutafuta jibu la swali moja. Nitalitaja swali hilo sasa, na nitalirudia, kwa kuwa asiyelijua swali hilo hawezi kumjua mtu huyu.

Swali lenyewe ni hili. Wako mbwa wakubwa, wenye vifua vipana na manyoya mafupi, wanaoitwa Majivu kwa sababu ya rangi yao. Mbwa hao huharibika kano za magoti. Je, ugonjwa huo huurithi kutoka kwa wazazi wao, au huupata wakiwa wamekwisha kuzaliwa?

Najua kuna anayeguna hivi sasa: "Mbwa! Kipindi kizima cha mbwa?" Avumilie. Habari hii ni ya mbwa, na ni ya ndugu wawili wa tumbo moja walioacha kusemezana.

Baba yao alikuwa seremala. Ua wake ulikuwa na harufu mbili: mbao mbichi na mbwa. Majivu wake walizaliwa juu ya maranda, na watoto wake wawili walijifunza kutembea katika maranda hayo hayo. Kaka alikuwa mtoto mzito, mtulivu. Ukimweka hapa unamkuta hapa. Dada alikuwa kinyume chake. Mama yao alimwita Kiguu na Njia, na jina hilo halikumwacha hata alipokuwa na nywele nyeupe. Kaka yake ananiambia: "Mama alikuwa akisema, 'Huyu nikimfunga kwenye nguzo, ataondoka na nguzo.' Na kweli angeondoka nayo."

Katika ua huo aliishi dume aliyeitwa Jemadari. Nalitaja jina hili ili mlishike. Jemadari ndiye babu wa Majivu karibu wote wanaofugwa katika mji ule. Miguu yake ya nyuma ilisimama wima kama miguu ya meza, na seremala aliyapenda mambo yaliyonyooka. Kila walipozaliwa watoto wa mbwa, baba alichukua rula yake ya kazini, akaisimamisha nyuma ya mguu wa kila mmoja. Mguu uliofuata rula, mtoto alibaki uani, naye alizalishwa. Mguu uliopinda, mtoto aligawiwa. Hivyo ndivyo baba alivyochagua, na hivyo ndivyo kaka alivyochagua baada yake, kwa rula ile ile.

Siku moja Jemadari aliamka akiwa ameinua mguu. Hakuukanyagia tena maisha yake yote. Nyumba nzima ilikubaliana juu ya sababu: aliruka ukuta. Kisa cha ukuta kikawa kisa cha mezani. Mume wa marehemu anakikumbuka, na anakikumbuka kwa kicheko: "Ukuta ule ulikuwa ukikua. Nilipokuja kuposa, ulikuwa unafika kiunoni. Nilipopata mtoto, ulikuwa unafika kifuani. Siku tunamzika baba mkwe, wasemaji waliufikisha kwenye paa."

Dada alikua, akasoma, akawa daktari. Alifungua zahanati ya wanyama yenye vyumba viwili na korido ndefu. Nimefika hapo. Chumbani kwake kuna kiti chenye mto wa buluu, na mto huo umepauka kwa jua la dirishani, si kwa kukaliwa. Sakafu ya korido ni saruji iliyoachwa kavu, haikung'arishwa. Aliiagiza iwe hivyo ili mbwa asiteleze. Mwenye mbwa alimtembeza mbwa wake kutoka mwanzo wa korido mpaka mwisho, na daktari alipiga magoti, shavu karibu na sakafu, akitazama jinsi kila mguu unavyotua. Kisha aliinuka na kusema: "Tena." Watu walitembezwa mpaka wakatoka jasho. Mbwa walifurahi.

Wasikilizaji wapendwa, niwaeleze kano ni nini, nami nitaeleza mara moja tu. Ndani ya goti mna ugwe mgumu unaoushika mfupa wa juu na mfupa wa chini. Huo ndio kano. Ukikatika, mfupa huteleza juu ya mfupa, goti huvimba, na mnyama huinua mguu. Mbwa yeyote anaweza kupatwa na jambo hilo. Majivu walipatwa mno.

Tena kila mbwa aliletwa na kisa chake. Binti wa marehemu alikuwa akikaa mapokezini wakati wa likizo, na anaviiga visa hivyo vizuri mno.

"Daktari, ni zile ngazi. Nilimwambia mume wangu, ngazi hizi zitatuua."

"Ziko ngapi, mama?"

"Mbili."

Mwingine alimlaumu paka wa jirani.

"Alimkwaruza?"

"Hakumkwaruza, Daktari. Alimtazama vibaya, mbwa akaruka."

Mwingine alisema ni mpira, mwingine ni mtaro, mwingine ni gari la maziwa. Hakukosekana kisa. Daktari aliwasikiliza wote kwa heshima, akaviamini visa vyao. Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipokosea.

Alipoanza uchunguzi wake, aliwagawa mbwa wagonjwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale walioumia kwa ajali. Fungu la pili ni wale waliougua bila sababu ya kuonekana. Fungu la ajali aliliweka kando, kwa hoja iliyoonekana timamu: ajali hairithiwi. Akabaki na mbwa wachache, wametawanyika, huyu hana udugu na yule. Akatazama, akarudia kutazama, hakuona ukoo wowote. Akaenda kwenye ukumbi wa wafugaji, akasimama mbele yao, akawaambia kwamba hakuona dalili ya ugonjwa kurithiwa.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Kaka yake alipanda jukwaani, akaunyanyua mkono wa dada yake juu kama mkono wa bondia. "Huyu ni mdogo wangu!" alipaza sauti. "Nani atasema tena kwamba mbwa wa baba yangu wana damu mbovu?" Siku hiyo hiyo akampa zawadi: mtoto wa kike wa Majivu, aliyezaliwa na jike wake bora, Hodari. Mume wa marehemu ndiye aliyempa mtoto huyo jina. Alimwita Tulia. "Nilisema angalau mmoja humu ndani atulie."

Kwa nguvu ya maneno ya dada yake, kaka akamzalisha Hodari tena, na tena. Watoto wake wakaenda katika nyumba nyingi.

Sasa sikilizeni asubuhi moja jikoni. Mume anamenya viazi. Tulia, ambaye sasa ni mbwa mzima, anatoka mlangoni kwenda kwenye bakuli lake la maji. Ni mwendo wa kawaida, hana haraka. Katikati ya chumba anainua mguu wa nyuma. Anasimama. Anageuza kichwa kuutazama mguu wake mwenyewe, kana kwamba ni wa mbwa mwingine.

Mume anasimulia: "Nikamsikia mke wangu anasema, 'Atakuwa ameteleza.' Sakafu ilikuwa kavu. Nikamuuliza, 'Ameteleza wapi, mama watoto?' Akasema tena, 'Atakuwa ameteleza tu.' Kisha akafunika mdomo kwa mkono, kama mtu aliyeropoka tusi mbele ya wakwe. Akaniambia, 'Umenisikia? Umenisikia nilivyosema?' Nikasema nimesikia. Akavaa viatu, akatoka. Hakunywa hata chai."

Alikuwa amemwona mbwa kwa macho yake. Alikuwa ameona kwamba hakikutokea kitu. Na bado kinywa chake kilikuwa kimeanza kutunga kisa. Ikiwa yeye, daktari, alitunga, basi wale wengine walileta nini zahanatini miaka yote ile?

Alirudi kwenye kazi yake, akalirudisha lile fungu la ajali. Mbwa wa ngazi, mbwa wa paka, mbwa wa mtaro, wote akawarudisha katika hesabu moja na wenzao. Daktari mwenzake, kijana aliyefanya naye kazi, aliyaona yaliyofuata: "Picha ilibadilika mbele yetu. Mama na binti. Babu na mjukuu. Ndugu wa uzao mmoja katika nyumba tatu tofauti, goti lile lile. Nikasema, 'Daktari, koo zote zinarudi mahali pamoja.' Akasema, 'Napajua. Nimezaliwa hapo.'"

Akaenda kwa kaka yake. Kaka alikuwa uani, rula mkononi, anawapima watoto wapya. Mazungumzo yao ninayo kutoka kwa kaka mwenyewe, naye hakujipendelea alipokuwa akinisimulia.

"Kaka, acha kwanza kupima. Nina neno."

"Wewe huna neno moja, Kiguu na Njia. Una maneno. Kaa basi."

"Sikai. Kaka, Jemadari hakuruka ukuta."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Na wewe ulikuwepo. Nani kati yetu alimwona?"

Kaka akairudia rula yake. Dada akaendelea. Alimwomba ruhusa ya kumpiga Hodari picha ya eksirei na kumtoa damu kidogo, kwa sababu Hodari alikuwa ameanza kuchechemea. Hodari ndiye kiungo kilichokosekana kati ya Jemadari na watoto wale wote waliotawanyika mjini. Damu yake ingelinganishwa na damu ya Majivu wazee wenye magoti mazima, ili ijulikane tofauti iko katika kinasaba gani.

"Hodari alibanwa na lango," kaka alisema.

"Ulimwona akibanwa?"

"Lango hili hapa. Zito. Alibanwa."

"Ulimwona?"

"Kwa hiyo baba yetu alikuwa mwongo? Mimi mwongo? Mji mzima waongo, mkweli ni wewe peke yako? Mwaka juzi nilikunyanyua mkono mbele za watu!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza, kabla ya watu."

"Damu ya mbwa wangu huipati."

"Na hiyo rula, kaka?" dada akauliza. Hilo nalo alimwambia. Alimwambia kwamba mguu ulionyooka kupita kiasi huenda ndio unaoichosha kano. Kwamba huenda baba yao, kwa mapenzi na kwa jicho la seremala, alichagua ugonjwa kila alipochagua uzuri. Alisema "huenda". Alikuwa mwangalifu wa maneno. Lakini kaka hakulisikia lile "huenda". Alifungua lango, na dada akatoka.

Alirudi ukumbini. Alisimama mahali pale pale aliposhangiliwa, akasema: "Nilikosea." Akawaeleza. Aliwaambia kwamba kano ya Majivu haikatiki ghafla. Huchakaa uzi baada ya uzi, kimya kimya, na siku inapokatika mbwa huwa anafanya jambo dogo tu. "Kamba iliyochakaa hukatika siku inapovutwa," alisema, "na sisi tunailaumu siku." Aliwaomba wasiwazalishe mbwa ambao ndugu zao wameugua, mpaka ijulikane zaidi.

Viti vilikwaruza sakafu. Mfugaji mmoja alisimama: "Jana ulituambia maji, leo watuambia moto. Kesho je?"

"Kesho nitawaambia nitakachokiona kesho," alijibu.

Kaka yake alikuwa katika mstari wa nyuma. Aliondoka kabla dada yake hajamaliza.

Baada ya hapo ndugu hao hawakusemezana. Binti alipoolewa, mjomba alikuja, akala, akampongeza bwana harusi, akapita mbele ya dada yake kama mtu apitaye mbele ya kabati. Dada, kwa upande wake, hakuacha kupita nje ya lile lango, ingawa hakubisha hodi tena. Alikuwa akitembea mji mzima, nyumba kwa nyumba, akiwatafuta Majivu. Wengine walimfungulia. Wengine walimfungia. Mlango uliofungwa aliurudia. Mume alimwambia mara nyingi, "Kaa kidogo, dunia haikimbii." Naye alijibu, "Haikimbii, lakini inazaa."

Nisiwadanganye, wasikilizaji wapendwa. Jibu kamili hakulipata. Alijua kwamba ugonjwa huu, katika mbwa hawa, kwa sehemu ni wa kurithi. Hilo alilionyesha kwa kadiri ya uwezo wake. Alijua pia kwamba unene una sehemu yake, na malezi yana sehemu yake. Lakini sehemu ya damu ni kubwa kiasi gani? Inapitia wapi? Hakujua. Kila alipokaribia, alikuta pengo lile lile katikati ya ukoo, na katika pengo hilo alilala jike mzee nyuma ya lango zito.

Siku ya mwisho alikuwa koridoni. Mwenye mbwa alikuwa amefika mwisho wa saruji. Daktari aliinuka kutoka sakafuni, akashika ukuta, akasema, "Tena." Mwenye mbwa akageuka, akarudi akitembea. Alipofika, daktari alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi. Moyo ulikuwa umesimama kabla ya miguu.

Maziko yalifanyika. Kaka alikuwepo, alibeba jeneza, akarudi kwake. Watu walidhani mambo yameishia hapo. Hata mimi nilipoanza kuandaa kumbukumbu hii, nilidhani hivyo.

Wafiwa wakiwa bado wamekaa nyumbani, kaka alionekana akiingia zahanatini. Alikuwa anamvuta Hodari kwa kamba, au labda Hodari alikuwa anamvuta yeye. Wote wawili ni wazee, wote wawili walikuwa wanachechemea kidogo. Daktari kijana alimpokea. Hakumuuliza kilichomleta. Alimtembeza mbwa koridoni, akapiga magoti, akatazama. Akampiga picha. Akatayarisha sindano. Na kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, aliuliza swali ambalo kila mwenye mbwa huulizwa pale: "Alianza lini kuchechemea, mzee, na ilitokea nini?"

Kaka alimshika Hodari kichwa. Ndipo kaka aliposema:

"Hakikutokea kitu. Alikuwa anatembea tu."

Damu ilitolewa. Majibu yake bado, na hayatakuwa mepesi. Kaka alipokabidhiwa kamba yake, alisimama pale pale koridoni, akauliza: "Sasa watoto wake wako wapi?" Kijana akamwambia kwamba marehemu aliwafikia wengi, ila si wote. Waliobaki anayewajua ni yule aliyewagawa.

Nilimtembelea uani kwake wiki iliyopita. Yale mabanda ya kuzalia ni matupu, maranda yamefagiliwa. Rula ya baba yake imerudi kwenye kisanduku cha useremala, pamoja na randa na msumeno. Nilimuuliza, kwa nini sasa, na si wakati ule? "Nilidhani atarudi tena kuomba," alisema. "Si alikuwa akirudi kila mahali? Nilikuwa namngoja arudi mara moja zaidi."

Kisha akaniomba radhi, akasimama. Alikuwa na nyumba za kupita. Mtu yule mzito, ambaye ukimweka hapa unamkuta hapa, siku hizi hakai.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wanaofanya kazi katika studio hii, natoa pole kwa mume wa marehemu, ambaye bado anamenya viazi vya watu wawili. Pole kwa binti yake. Pole kwa daktari kijana, aliyebaki na korido na swali. Na pole kwako, kaka. Mungu ampe dada yako pumziko, ikiwa atakubali kupumzika.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja na atafakari kisa kimoja kinachosimuliwa nyumbani kwake, ajiulize: nani alikiona? Na ukisikia hodi mlangoni, ukamkuta mzee anayechechemea, anayeulizia mbwa wa rangi ya majivu uliyepewa zamani akiwa mtoto, mfungulie. Mlete mbwa. Mtembeze mbele yake taratibu, sakafu ikiwa kavu. Akikuuliza ilitokea nini, mwambie ulichokiona, na kama hukuona kitu, mwambie hukuona kitu.